Ugonjwa Unaoanzia kwenye Kondo la Nyuma
Mhadhara wa wazi kuhusu presha ya mimba, uliotolewa Kolwezi, jimbo la Lualaba



Nianze na jina. Lugha yetu inakiita kiungo hiki kondo la nyuma. Wengine husema zalio, na hospitali huandika plasenta. Waliosema "la nyuma" walitazama kwa jicho la mkunga: mtoto hutangulia, kondo hufuata. Likishatoka hukaguliwa haraka, hufungwa kitambaani, na bibi wa mtoto huenda kulifukia. Kwa siku ya kuzaa, jina hilo halina kosa. Lakini katika maradhi ninayoyazungumzia leo, yaani presha ya mimba na kifafa cha mimba, kondo haliko nyuma hata kidogo. Lenyewe ndilo linalougua kwanza, wiki nyingi kabla mama hajaumwa kichwa, kabla miguu haijavimba, kabla mashine ya presha haijaonyesha lolote. Hilo ndilo neno langu la leo. Yote yatakayofuata ni kulifafanua neno hilo na kuuliza linatudai nini.

Usiku mmoja kazini

Mimi ni mkunga. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, tuliletewa binti wa miaka 19 saa nane za usiku. Alifika kwa pikipiki, amekaa katikati ya dereva na mama mkwe wake. Mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane. Kichwa kilikuwa kinamuuma kwa siku tatu. Nyumbani walisema ni malaria, wakamnunulia vidonge. Jioni ile alianza kuona vimulimuli mbele ya macho, na chini ya mbavu za kulia palikuwa panamkaza kama mtu aliyefungwa kamba. Pete yake ya ndoa ilikuwa imezama kwenye kidole, haitoki.

Niliomba kadi yake. Alikuwa amekuja kupima mimba mara moja tu, mwezi wa sita. Uzito uliandikwa. Kimo cha tumbo kiliandikwa. Mahali pa presha palikuwa patupu, kwa sababu siku ile mashine ilikuwa mbovu. Usiku huo tulipata mashine nzima, nayo ikatuonyesha 170 juu ya 120. Tulichovya kijiti kwenye mkojo wake, na ile rangi ya njano ikageuka kijani kizito: protini ilikuwa inavuja. Tukiwa bado tunatafuta mshipa wa kumwekea dripu, macho yakapinduka, meno yakakaza, mwili mzima ukaanza kutikisika. Mama mkwe alipiga kelele kwamba mwanawe amerogwa.

Tulimlaza ubavu, tukamlinda ulimi na njia ya hewa, tukamchoma magnesiamu salfeti, tukatafuta gari la kumpeleka hospitali ya rufaa. Alipona. Mtoto alitoka na kilo moja na gramu mia nane, naye akaishi. Nilikuwa nimemsindikiza, kwa hiyo kondo lake nililishika mwenyewe. Nililiosha, nikaliweka kwenye beseni chini ya taa. Kwa kawaida kondo la mimba iliyokomaa ni duara la nusu kilo, upana wake kama sahani ya bukari (ugali), jekundu lililoiva, laini kama ini. Lile lilikaa kwenye kiganja kimoja. Pembeni lilikuwa na mabaka magumu ya rangi ya kijivu na manjano, kama mafuta ya ng'ombe yaliyoganda, na mahali pengine donge la damu nyeusi lililokwisha kukaa siku nyingi. Mabaka yale hayakutokea usiku ule. Yalikuwa vipande vya kondo vilivyokufa kwa kukosa damu, kimoja baada ya kingine, wakati binti yule alikuwa bado anachota maji, anacheka na wenzake, na kila mtu anasema mimba yake ni nzuri.

Tangu usiku ule nimeacha kuliita ganda la kutupwa.

Kazi ya kondo

Wengi hudhani kondo ni kiungo cha mama. Sivyo. Kondo hutokana na yai lilelile lililotungwa ambalo mtoto hutokana nalo, kwa hiyo nusu ya urithi wake ni ya baba. Ni kama mgeni anayejenga nyumba ndani ya nyumba ya mtu mwingine, na lazima akubaliane na mwenye nyumba.

Ndani yake kuna vijimizizi maelfu kwa maelfu, vyembamba kuliko nyuzi, vinavyoelea katika dimbwi la damu ya mama. Damu ya mtoto hupita ndani ya vijimizizi, damu ya mama hupita nje, nazo hazichanganyiki. Kupitia ukuta huo mwembamba mtoto hupata hewa na chakula, na hutoa uchafu wake. Ukivikunjua vijimizizi vyote na kuvitandaza, vitafunika zaidi ya mita 10 za mraba, sakafu ya chumba kizima cha kulala.

Dimbwi hilo linahitaji damu nyingi. Mwishoni mwa mimba, zaidi ya nusu lita hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Mishipa inayoileta, kabla ya mimba, ni midogo na imejikunja kama mkia wa kinyonga, na kuta zake zina misuli inayobana na kulegea. Mishipa ya namna hiyo haiwezi kumlisha mtoto. Ndipo kondo changa linapofanya kazi ya ajabu. Chembe zake, ziitwazo trofoblasti, huingia ndani ya ukuta wa mji wa mimba, huifuata mishipa ile mmoja mmoja, huondoa misuli yake na kuupanua mdomo wake mara kadhaa, hadi unakuwa mpana kama faneli. Kuanzia hapo mshipa haubani tena hata mama akishtuka au akichoka. Kazi hiyo huanza wiki za mwanzo kabisa na sehemu yake kubwa huwa imemalizika ifikapo wiki ya 20.

Mwaka 1967 Brosens, Mbelgiji, na wenzake Robertson na Dixon walieleza mabadiliko hayo kwa darubini, na miaka iliyofuata wakaonyesha kwamba kwa wanawake wenye presha ya mimba kazi hiyo huachwa njiani. Chembe za kondo huingia juujuu tu. Mishipa inabaki myembamba, na misuli yake bado inabana.

Matokeo yake mnaweza kuyaona nyumbani. Chukua mpira wa maji unaomwagilia bustani. Ukiachia mdomo wazi, maji yanatiririka polepole na udongo unayanywa. Ukiubana mdomo kwa kidole gumba, maji yanaruka kwa kishindo na kuchimba shimo. Damu inayopita kwenye mshipa mwembamba huingia kwenye dimbwi la kondo namna hiyo: kwa kishindo, kwa vipindi, mara ipo, mara haipo. Vijimizizi vinapigwa na kujeruhiwa. Kondo linakaa na njaa, na mtoto anayelitegemea anadumaa.

Kwa nini tunalishitaki kondo

Mtu anaweza kuniuliza: mkunga, umejuaje kwamba kosa ni la kondo, si la figo za mama au la moyo wake? Ni swali la haki, na majibu yapo.

La kwanza, ugonjwa huu haupo kwa mtu asiye na kondo, na dawa yake ya mwisho, hadi leo, ni moja: kondo litoke. Tunaweza kuteremsha presha kwa vidonge na kuzuia degedege kwa sindano, lakini chanzo hakizimiki mpaka mimba imezaliwa.

La pili ni ushahidi wa mimba zabibu. Huko hakuna mtoto kabisa. Kuna tishu ya kondo iliyokua bila mpango, vishada kama zabibu. Hata hivyo mama mwenye mimba zabibu anaweza kupata presha na protini kwenye mkojo, tena mapema kuliko kawaida. Mtoto hayupo, kondo lipo, ugonjwa upo. Mwaka 1939 daktari Ernest Page alilitumia jambo hilo kuhoji kwamba kifafa cha mimba chanzo chake ni kondo linalokosa damu ya kutosha.

La tatu, mwenye mapacha, au mapasa kama tunavyowaita hapa, yumo hatarini zaidi, kwa kuwa amebeba kondo kubwa zaidi.

La nne lilipatikana mwaka 2003. Ananth Karumanchi na wenzake huko Boston walionyesha kwamba kondo la mwenye ugonjwa huu humwaga kwenye damu ya mama protini inayoitwa sFlt-1, kwa wingi usio wa kawaida. Mishipa ya mama, kila mahali mwilini, ina utando laini wa ndani, na utando huo hutunzwa na protini nyingine ambazo ni chakula chake cha kila siku. sFlt-1 huzikamata hizo njiani kabla hazijafika. Utando unabaki na njaa. Walipowapa panya sFlt-1 hiyo, panya wakapanda presha, na figo zao zikavuja protini.

Sasa dalili za binti yule zinaeleweka zote. Utando ukiharibika kwenye figo, protini inavuja kwenye mkojo. Ukiharibika miguuni na usoni, maji yanatoka nje ya mishipa na mwili unavimba. Kwenye ini ni lile kazo la chini ya mbavu. Kwenye ubongo na macho ni kichwa kisichosikia dawa, vimulimuli, kisha degedege. Chembe zinazogandisha damu hupungua, na mama anaweza kutoka damu isiyokata. Mishipa inajibana mwili mzima, ndipo namba inapopanda. Presha ni moshi tunaouona juu ya paa. Moto uko jikoni, na jiko lenyewe ni kondo.

Mizani inataka niseme pia kwamba si kila presha ya mimba ina sura moja. Mama aliyekuwa na presha, kisukari, ugonjwa wa figo au unene mwingi kabla ya mimba anaingia na mishipa iliyokwisha kuchoka, na hata kondo zuri linaweza kumlemea miezi ya mwisho. Zile zinazoanza mapema, kabla ya wiki ya 34, mara nyingi ndizo zenye kondo lililokwama tangu mwanzo, na ndizo zinazoua zaidi.

Kwa nini kondo la huyu likwame na la yule lisikwame? Hapo jirani zetu wa Uganda wametusaidia. Profesa Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na Ashley Moffett wa Cambridge, walichunguza akina mama wa Hospitali ya Mulago, Kampala, na mwaka 2015 wakatangaza matokeo yao. Kinga ya mama, walionyesha, haipigani tu na kondo; hulipokea na kuliongoza liingie kwa kina kinachofaa. Kuna urithi wa kinga unaofanya mapokezi yawe mabaya, na kuna mwingine, unaopatikana kwa Waafrika na si kwa Wazungu, unaomlinda mama. Nawaambia haya wale wanaosema huu ni uchawi. Ni makubaliano kati ya miili miwili yaliyokwenda vibaya. Jambo hili halina aliyelitenda. Si mke mwenza, si jirani, si mama mkwe.

Sisi wa ukanda wa shaba

Ndugu zangu, tunaishi juu ya madini. Mji huu ulijengwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya magharibi ya kampuni ya Union Minière, na tangu hapo shaba na kobalti ndizo zinazotulisha. Katika mtaa wa Kasulo, mwaka 2014, mtu alichimba chini ya nyumba yake akakuta kobalti, na muda si muda mtaa mzima ukawa mashimo. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walikuja kupima. Mwaka 2009 walikuwa wameshatangaza kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia wana kobalti kwenye mkojo kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana kwa wananchi wa kawaida mahali pengine. Mwaka 2018 walieleza hali ya Kasulo yenyewe, ambako watoto ndio waliobeba vumbi zaidi.

Vumbi hilo lina uhusiano gani na kondo? Nitakwenda kwa tahadhari. Mwaka 2016 madaktari wa Kinshasa, wakiongozwa na Elongi Moyene, walilinganisha wanawake 88 wenye ugonjwa huu na wajawazito wazima 88. Kinshasa ugonjwa huongezeka wakati wa kiangazi, nao walitaka kujua kama metali zina mkono. Waliopata ugonjwa walikuwa na metali nyingi zaidi kwenye mkojo, hasa risasi. Mwaka 2018 Musa Obadia na wenzake wakafanya uchunguzi wa namna hiyo Lubumbashi, safari hii kwenye damu, na risasi ikaonekana tena juu kwa wenye ugonjwa kuliko kwa wazima. Kwa maneno ya kweli, hizo ni ishara za uhusiano. Figo zilizoumia zinaweza nazo kubadilisha vipimo vya mkojo, ndiyo maana kipimo cha damu cha Lubumbashi kina uzito. Anayesema kila presha ya mimba Kolwezi imeletwa na mgodi anazidisha. Anayesema vumbi halihusiki kabisa, huyo naye hajasoma.

Risasi inajulikana kwa tabia zake. Hubana mishipa na kupandisha presha hata kwa asiye na mimba. Hujificha mifupani miaka na miaka. Mama akishika mimba, mtoto anataka kalisi ya kujengea mifupa yake. Kama haipo ya kutosha kwenye chakula, mwili unaichukua kwenye mifupa ya mama, na risasi iliyolala humo inaamka nayo na kuingia kwenye damu, na inavuka kondo mpaka kwa mtoto.

Kwa hiyo yapo tunayoweza kufanya nyumbani. Baba anayetoka shimoni avue nguo za kazi nje, zisifuliwe kwenye beseni la mtoto. Magunia ya madini yasilale chumbani. Mama mwenye mimba asioshe mawe, iwe Ziwa Malo kule Kapata au mtoni popote. Nazungumza nikijua kwamba wengi hufanya hivyo kwa sababu ya njaa, na dua yangu kwa viongozi mliomo humu ni kwamba mama huyo apewe kazi nyingine, asikatazwe tu na kuachwa. Na pemba, ule udongo mweupe tunaoununua sokoni kichefuchefu kikitushika: udongo wa kula mara nyingi hubeba risasi. Najua hamu yake, na najua mama zetu waliula. Lakini tafuneni kitu kingine. Dagaa, ndakala zetu zinazoliwa na mifupa yake, zina kalisi ambayo mwili unaitafuta. Sombe na lengalenga pia zisikose pembeni ya bukari.

Kuna adui mwingine wa kondo ambaye tumemzoea mno: malaria. Vimelea vya malaria hatari, falsiparumu, vina namna ya kunata kwenye kondo na kujificha humo, hasa mimba ya kwanza, hata kama kipimo cha damu ya kidole hakionyeshi kitu. Kondo lenye malaria huvimba, hulisha vibaya, na uchunguzi wa Muheza, Tanzania, umelihusisha na ile protini sFlt-1 kwa wenye mimba ya kwanza. Chandarua na vidonge vya kinga vinavyotolewa siku ya kupima mimba ni ulinzi wa kondo moja kwa moja.

Linalotudai

Mwaka 2023, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, akina mama wapatao 19,000 walikufa kwa ajili ya uzazi katika nchi yetu ya Kongo. Duniani, presha ya mimba ni ya pili kwa kuua akina mama, baada ya kutoka damu. Na wengi wa wanaokufa hivyo wangeweza kuwa hai, kwani ugonjwa huu hutoa taarifa mapema kwa anayeuliza.

Kama ugonjwa unaanza kondo linapojengwa, basi kuja kupima mimba mwezi wa sita ni kuja nyumba imekwisha kuezekwa. Njoo mara hedhi ya pili inapokosekana. Hapo tutakuuliza: ni mimba ya kwanza? Uliwahi kupata presha mimba iliyopita? Mama yako au dada yako aliwahi? Una kisukari, figo, presha ya zamani? Ni mapasa? Kwa aliye hatarini, daktari anaweza kuanzisha aspirini ya dozi ndogo. Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 75 kwa siku, ianze kabla ya wiki ya 20, na ikianza mapema zaidi ni bora. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2017, uliotumia miligramu 150 kuanzia miezi mitatu ya mwanzo, ulipunguza ugonjwa unaolazimisha kuzaa kabla ya wakati kwa zaidi ya nusu. Dawa hiyo ni ya bei ya chini, lakini si ya kujinunulia barabarani, tuulizeni kwanza. Mahali ambapo chakula kina kalisi kidogo, shirika hilohilo linashauri vidonge vya kalisi kwa wajawazito.

Kisha kila siku ya kupima, presha ipimwe. Isipite hata siku moja. Mipaka ni hii, iandikeni ukutani: 140 juu ya 90 ni tahadhari, na 160 juu ya 110 ni dharura, usiku huohuo. Wauguzi wenzangu, mahali patupu kwenye kadi pasiwe kitu cha kawaida. Mashine ikiharibika, iazimwe kituo cha jirani, au mama apelekwe huko. Nimeeleza kwamba mimi mwenyewe nilipokea kadi tupu. Ningependa niwe wa mwisho. Mama naye ana haki ya kuuliza: "Namba yangu ni ngapi?" Muuguzi asikasirike akiulizwa hivyo.

Dalili za kukimbia nazo ni chache, mfundisheni hata mtoto wa shule: kichwa kinachouma bila kupoa, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo au chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, mtoto kupunguza kucheza. Ukiona moja, usingoje asubuhi. Baba, pesa ya pikipiki iwekwe kando tangu mwezi wa saba.

Vituo vyetu viwe na magnesiamu salfeti muda wote. Uchunguzi uitwao Magpie, uliotangazwa mwaka 2002 na kuhusisha zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza degedege kwa zaidi ya nusu. Si dawa ya anasa. Dozi ya kwanza inaweza kutolewa kituoni kabla ya gari, gramu 4 mshipani polepole na gramu 10 kwenye makalio, 5 kila upande. Baada ya hapo tazameni pumzi, mkojo, na goti kama bado linaruka likigongwa, na kalisi glukoneti iwe pembeni ikiwa magnesiamu imezidi.

Na likishatoka kondo, msilale. Utando ulioharibika hauponi saa ileile. Degedege linaweza kuja siku za kwanza baada ya kuzaa, na presha inaweza kupanda hata wiki kadhaa baadaye. Mama aliyepata ugonjwa huu apimwe kabla ya kuruhusiwa, apimwe tena ndani ya wiki, na apimwe kila mwaka maisha yake yote, maana hatari yake ya maradhi ya moyo na kiharusi ni karibu mara mbili ya wenzake.

Kabla hamjalifukia

Nimalizie pale nilipoanzia. Katika nyumba zetu kondo halitupwi ovyo. Bibi hulipokea kwa heshima na kulifukia, na mimi sitaki heshima hiyo ipotee. Ninaomba iongezewe jambo moja. Kabla bibi hajalipokea, mkunga alioshe, alitandaze, alipime kwa mizani, aligeuze upande ule uliokuwa umeshikamana na mama, aguse kila kipande kwa kidole. Je, ni dogo? Lina mabaka magumu? Kuna damu iliyoganda? Aandike kwa kalamu kwenye kadi ya mama, si kwenye kadi ya mtoto peke yake: kondo, gramu fulani, hali fulani.

Binti yule wa usiku wa manane alirudi miaka mitatu baadaye. Alikuja na wiki kumi za mimba, amefuatana na mama mkwe wake, ambaye safari hii ndiye aliyeshika kadi. Mstari niliouandika ulikuwa bado unasomeka: kondo gramu 260, mabaka mengi magumu. Daktari aliusoma, akamwanzishia aspirini wiki ileile, na kila ziara tukampima. Presha ilipanda kidogo mwishoni, tukaishika. Alizaa wiki ya 38, na kondo lake nikaliweka tena chini ya taa. Lilikuwa jekundu, laini, zito mkononi. Nikaandika gramu zake, nikalifunga kitambaani, nikampa bibi akalifukie.